Upande wa Nyuma wa Mtungi wa Nasca

Kwa miaka miwili nilichora mtungi mmoja kutoka kitabu cha maktaba ya mji wetu, Arlington. Ulitolewa kwenye kaburi la kale huko Nasca, kusini mwa Peru: mirija miwili ya kumiminia, mshikio katikati yake, rangi zilizopakwa kabla ya kuchomwa, na ndege wenye midomo kama sindano wakizunguka tumbo lake. Kitabu kilionyesha ndege watano. Upande wa nyuma hakuna aliyeupiga picha, na mimi nilitaka kujua ndege wote ni wangapi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mtungi huo ukaletwa Houston kwa maonyesho. Kazi ya ghala iliniachia Jumamosi ya mwisho tu. Niliandika ratiba: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa saba, jumba la makumbusho kufungwa saa kumi na moja. Kosa langu ni kutomzuia mke wangu kumpigia simu kaka yake anayeishi huko.

Kwetu hupiti mji wa shemeji bila kula kwake. Ikaja chai, kisha albamu ya harusi, kisha kuku ambaye tulimkuta bado ni barafu. Nilipotazama saa mara ya tatu, shemeji akacheka.

"Shem, hao wafu wako wanaenda wapi? Sisi tulio hai ndio wa kusalimiwa kwanza."

"Wanafunga saa kumi na moja."

"Basi kula upesi. Hebu mwongezeeni ugali!"

Halafu maombi ya safari, yaliyotaja ukoo mzima, hadi walioko Nakuru.

Tulifika zikibaki dakika kumi. Mtungi ulikuwa katikati ya chumba, ndani ya kioo, unazungukika. Nilihesabu huku nikichora, kwa sababu sijui kuhesabu vingine. Nilikuwa kwa ndege wa saba, aliyebanduka rangi mdomoni, mlinzi alipotuonyesha mlango. Nikaomba dakika moja. Alikataa kwa adabu, na adabu yake ikanikera zaidi.

Garini mke wangu akasema, "Mimi nilihesabu ule upande mwingine. Watano, mpaka pale ulipoanzia."

"Kuanzia yupi?"

"Yule wa mdomo uliobanduka."

"Pamoja naye, au baada yake?"

"Mzee, ndege ni ndege. Endesha."

Nilimuuliza tena tukiwa njiani, mara mbili. Hakukumbuka. Daftari langu linasema hivyo hadi leo: kumi na mmoja, au kumi na wawili.