Agutu Mlangoni mwa Wodi

Mwaka 1994 Agutu, mchuuzi wa dagaa kutoka Shirati, alikuwa mwezi wa pili akilala sakafuni kando ya kitanda cha bintiye Amondi, katika hospitali moja ya Mwanza. Taya la mtoto lilikuwa limevimba kama embe. Ni saratani ya tezi, ile inayohusishwa na virusi. Dawa za kuchomwa mshipani ziliuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache tu, na Agutu akafurahi mapema.

Daktari Kashindye akamwambia, "Dawa imeshusha uvimbe, lakini imeshusha na kinga. Sasa hata ugonjwa mdogo utamzidi nguvu."

Basi kazi ikawa kuchemsha maji, kunawa, kuzuia wageni. Kuchemsha, kunawa, kuzuia, mpaka viganja vikapasuka.

Alhamisi moja akaja mama mkwe wake, Dorcas, amesafiri kutwa kwa basi kutoka Shirati. Alikuwa amemshika mkono mjukuu mwingine aliyejaa vipele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe nimwone mjukuu wangu."

"Mama, nisamehe. Huyu ana tetekuwanga, nawe unalala naye chumba kimoja. Hamwezi kuingia."

"Unanifungia mlango mimi? Kwa damu ya mwanangu?"

"Hata angekuwa mama aliyenizaa."

Dorcas akatua kikapu cha viazi, akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata Amondi alikataa uji. Ulimi ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyoganda, homa imepanda. Agutu akamuuliza daktari nani kaleta ugonjwa, ilhali hakuna mgeni aliyeingia.

"Hakuna aliyeuleta. Fangasi hawa tunaishi nao vinywani. Kinga ikianguka ndipo wanapata nafasi."

Agutu akakaa chini. Hakulia, alikuwa amechoka mno.

"Kwa hiyo mama mkwe nilimfukuza bure?"

"Hapana. Tetekuwanga ingeweza kumuua."

Siku tisa alimpaka dawa kinywani na kumnywesha maji kwa kijiko. Siku ya kumi Amondi akaomba ugali. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani, warudi baada ya wiki tatu kwa dozi ya nne.

Huko Shirati, yule mtoto wa vipele alikwisha kupona. Dorcas alimpokea Amondi, akamwogesha, akamwimbia. Agutu hakusemeshwa. Alijua la kueleza kuhusu mlango ule, ila nguvu ya kulieleza hakuwa nayo. Akajinyoosha mkekani na viatu vyake, akalala.