Tope la Migombani Kwenye Kasha la Kioo

Udongo wa chini ya migomba ya mama ulikuwa mweusi, na ukilowa ulitoa harufu nzito ya majani yaliyooza na majivu ya jikoni. Harufu hiyo ndiyo iliyonifukuzisha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, Mwingereza angali anatawala Tanganyika, na sisi watoto wa Kimeru tukishuka mlimani kwa miguu kwenda kusoma.

Darasani kwetu palikuwa na tangi la samaki, zawadi ya mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu aliyependa viumbe wa majini. Alilileta pamoja na mfuko wa changarawe nyeupe za ng'ambo. Mwalimu wetu Zefania, mtu wa mlimani kama sisi, alizipanga mwenyewe na kutukataza kuzigusa. Zilipendeza kweli. Lakini kila mmea tuliopanda humo uligeuka manjano ukaoza, na mwalimu akatulaumu sisi kwamba tunachafua maji kwa kuyachungulia.

Mimi nilikuwa nikiyaona majani yaleyale yakistawi kwenye mfereji wetu wa kumwagilia kahawa, mizizi imezama topeni. Nikamwomba baba kasha la kioo la betri kubwa lililotupwa kwenye kinu cha kahawa alikofanya kazi. Mama alilisugua kwa majivu siku tatu mpaka akaridhika kwamba tindikali imekwisha. Mara ya kwanza nilichanganya udongo na samadi, nikidhani nausaidia. Maji yakanuka kama yai viza na samaki wangu wawili wakafa. Nililia, kisha nikaanza upya. Nilichekecha udongo mtupu, nikautandaza unene wa vidole viwili, nikaufunika kwa mchanga wa mtoni uliooshwa, nikamimina maji polepole juu ya jani la mgomba ili yasiutibue. Kwa wiki mbili nilibadilisha maji bila kutia samaki. Yalipotakata, mimea ilikuwa imeshika, ikatoa majani mapya mabichi hata wadogo zangu wakawa wanalala kifudifudi kuyatazama.

Nilipunguza maji, nikalibeba kasha kichwani mpaka shule.

"Toa tope hilo," alisema Mwalimu Zefania. "Hapa ni shule, si shambani kwa mama yako."

Alilisukumia stoo, karibu na dirisha, nyuma ya majembe. Niliendelea kulitunza humo humo. Siku mkaguzi alipokuja, tangi lake lilikuwa na changarawe na maji tu. Mwalimu alipoanza kujieleza, niliinuka bila ruhusa, nikaenda stoo, nikarudi nimelikumbatia kasha langu na kuliweka mezani.

"Umetumia udongo gani?" mkaguzi aliuliza.

"Wa migombani kwetu, bwana. Haununuliwi."

Aliinama akatazama kwa muda mrefu, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Nilichapwa viboko sita, nikaamriwa niombe radhi mbele ya shule nzima kwa kuleta uchafu. Nikakataa. Kesho yake mama aliitwa. Alimsalimu mwalimu kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kutoka bila ruhusa amekosa," mama alisema. "Mwanangu, muombe mwalimu radhi."

Nikaomba.

"Na uchafu je?" mwalimu akauliza.

"Hilo haombi. Wewe Zefania, ndizi za udongo huo nilikulisha mwenyewe ulipokuwa mdogo. Zilikudhuru nini?"

Mwalimu alivuta karatasi na kalamu. Aliniandikia barua ya kunifukuza. Nilikaa nyumbani mwaka mzima, nikipalilia kahawa huku wenzangu wakipita na madaftari yao, mpaka shule moja karibu na Tengeru iliponipokea. Mtu asinidanganye kwamba mwaka huo haukuniuma.

Siku hizi nusu ya shamba la mama imejengwa nyumba, na mjini Arusha kuna duka linalouza udongo wa matangi ya samaki kwenye mifuko yenye picha. Niliingia humo nikamwambia kijana muuzaji kwamba wa shambani unatosha.

"Shikamoo bibi," alisema akitabasamu, "huo utakuharibia maji."

Zamani nilichapwa; leo nachekwa kwa adabu. Mwaka wangu hakuna aliyenirudishia. Lakini kama ningewekwa tena kwenye dawati lile, mbele ya mwalimu yule, nikijua fika nitakachopoteza, ningeinuka.