Droni ya mume wangu imemtoa dada wa watu kwenye kwaya

Admin, nifichie jina. Wapendwa wa ukurasa huu, hamjambo? Mmeamkaje huko mliko, na wagonjwa wenu wanaendeleaje? Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Buruburu. Nimeokoka na Mungu ni mwema, lakini nimechoka.

Mume wangu aliachishwa kazi kiwandani. Alikaa mwaka mzima bila neno, chai inapoa mbele yake. Halafu akaanza kuunda droni ndogo, nikamwona anacheka tena. Huvaa miwani mikubwa akaona kila kitu inachokiona droni, maana ameifungia kifaa cha kurusha picha hewani. Hurusha Jumapili, kwa sababu watoto wako kanisani na uwanja uko wazi.

Kanisa letu liko nyuma tu ya nyumba. Hapo ndipo maikrofoni isiyo na waya ilianza kukwaruza, kila mara ikiwa mkononi mwa dada mmoja wa kwaya anayeongoza nyimbo. Nimwite Nekesa. Ni mjane kijana, mwenye sauti ya kukutoa machozi. Sisi wamama wa maombi tukaanza kunong'ona: "Huyo ana kitu. Mbona pasta akihubiri hatusikii kelele?" Pasta hutumia ya waya, lakini nani alifikiria hilo? Tukafunga, tukakemea.

Jumapili moja niliugua nikabaki nyumbani. Nikamsikia Nekesa akiimba kwenye spika za kanisa, mume wangu akawasha droni, na sauti ikakatika papo hapo.

Nikamwambia, "Baba Vero, zima." Kukawa shwari. "Washa." Ikakwaruza.

Akavua miwani. "Hiki kifaa cha picha ni redio, mama. Kinatakiwa leseni ya masafa, na changu kina nguvu kupita kiasi. Wenzangu wa droni walinionya."

"Si ukatafute leseni?"

"Nikienda leo, si wataniuliza jana nilirusha na ya nani?"

Siku hiyo hiyo wazee wa kanisa wakamwondoa Nekesa kwenye kwaya. Mume wangu naye, kwa huruma, akaacha kurusha Jumapili. Ibada iliyofuata maikrofoni ikawa safi kama maji, na kanisa likapiga makofi. Mama mmoja akanipiga kikumbo: "Si umeona? Ametoka, na pepo limetoka."

Juzi Nekesa alikuja jikoni kwangu. "Mama, niombee, labda kweli niko na kitu." Nikamwekea mikono, nikaomba, na kifaa chenyewe kiko juu ya kabati.

Jumapili hii ataitwa mbele ya watu wote akemewe. Nikisema ukweli, kuna mzee wa kanisa anayefanya kazi serikalini na hana mchezo na sheria. Ataripoti, na mume wangu anyang'anywe kitu pekee kinachomtoa kitandani. Yeye mwenyewe ameniambia, "Sema ukitaka, sitakulaumu." Hapo ndipo amenimaliza kabisa.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Tafadhali nijibuni kabla ya Jumapili.