Mwalimu Marcellin na Mtihani wa Kiingereza

Mwalimu Marcellin alikuwa amekwisha kufaulu masomo yote ya sekondari isipokuwa Kiingereza. Siku zile za utawala wa Wabelgiji, mwalimu wa shule ya porini hakuhamishwa mpaka apate diploma. Yeye alifundisha upande wa Kabambare, huku mkewe, Émérance, akibaki Kasongo na mwana wao Octave, akimuuguza mama yake mzazi aliyepooza. Padri mkuu wa shule alimwambia waziwazi: akifaulu kusoma na kufahamu Kiingereza, atafundisha misioni hapo Kasongo na kulala nyumbani kwake; asipofaulu, atarudi alikotoka.

Basi likizo ile alifika kwa baiskeli, miguu imevimba, akakaa barazani na kitabu cha kusomea, akajifunza jinsi alivyofundishwa kila kitu tangu utotoni, yaani kama katekisimu. Alishika somo la kwanza neno kwa neno, kisha lililofuata, hata kitabu kizima kikakaa kichwani. Macho yalimuuma, koo lilimkauka. Émérance, akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, alimsikia akivuma kama nyuki aliyefungiwa kibuyuni.

Alasiri moja jirani yao Kassimu, fundi wa kushona kanzu, alisimama mbele ya baraza.

"Mwalimu, umefika juzuu ya ngapi?"

"Nimehitimu, Bwana Kassimu. Chote kiko kichwani."

"Basi tuko sawa. Mimi Kurani niliihitimu zamani, lakini mutu akiniuliza maana, ninamupeleka kwa shehe. Wewe shehe wako iko wapi?"

Marcellin alitabasamu kwa shida. "Padri atauliza yaliyo kitabuni."

Émérance, aliyewasikia kutoka uani, akaulaza mchi, akaja barazani kwa mumewe. "Baba Octave, ile habari ya mwanamke wa sokoni uliyotufasiria juzi. Alinunua nini?"

Marcellin akafumba macho, akaanza somo kwa Kiingereza tangu kichwa cha habari.

"Sikukuomba usali. Alinunua nini?"

"Ngoja nifike."

"Ufike wapi? Mutu akiniuliza nilinunua nini jana, nianze kumuhesabia njia tangu mlangoni?"

Kassimu alicheka hata akashika nguzo. Marcellin aliendelea kunong'ona mpaka katikati ya somo, ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alinunua mayai. Alijua kuwa mkewe amesema kweli. Lakini mtihani ulikuwa kesho yake, na mtu aliyechoka hushika njia aliyoizoea.

Kesho yake, karatasi alizogawa padri zilikuwa na habari ya msafiri aliyefika mtoni. Marcellin aliisoma mistari ya kwanza, akafumba macho kuitafuta kichwani. Alipitia masomo yote moja baada ya jingine, kama mwanamke anayekung'uta kila kikapu akitafuta sindano. Haikuwamo. Alipofumbua macho, wenzake walikuwa wamekwisha kugeuza karatasi.

Hapo, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuisoma polepole, sentensi kwa sentensi, nayo ikamfungukia. Mito alikuwa ameivuka mara nyingi. Hasira ya kumngoja mvushaji aliijua. Akajibu swali la kwanza, akajibu yaliyofuata, kisha kengele ikalia na nusu ya karatasi bado nyeupe.

"Uliyojibu umeyajibu vizuri," padri alimwambia baada ya kusahihisha. "Lakini ni machache, Marcellin. Urudi mwakani."

Nyumbani Émérance alimtazama usoni, akamletea maji. Alimwacha anywe kwanza.

"Walikupa habari gani?"

"Ya msafiri. Alifika mtoni akamwita mvushaji, akamwita, akamtukana mpaka na ukoo wake. Mvushaji alikuwa ng'ambo, amelala."

"Hakuamka?"

"Aliamka jua likizama. Akamwambia, mutumbwi si huo ulioukalia?"

Émérance alicheka, na mama yake akacheka naye kutoka ndani, kwa sauti ya kukwama. Kisha Émérance akamtazama mumewe.

"Umeisimulia yote bila kufumba macho."

"Ndiyo," alisema Marcellin. "Leo, hapa. Kengele imekwisha kulia."

Aliegemea ukuta. Émérance aliingia ndani, akaanza kupima unga wa safari ya mumewe ya kurudi Kabambare.