Mninga tulioukata vilimani Kilosa, na kovu moja ambalo halikuwa la njaa

Wakuu, kwema? Wakubwa zangu shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo miaka mingi. Nimelianza humu mara mbili nikafuta. Leo naliandika lote lilivyokuwa, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwanzoni mwa tisini. Mimi ni mtoto wa Magomeni, Kilosa. Babu alikuja kama manamba kukata mkonge, baba akazaliwa kambini. Sasa shamba limekufa, mitumba imejaa sokoni, kila mtu kawa mfanyabiashara. Sisi vijana wanne tukaingia kwenye mbao.

Tukapata kibali cha mninga mmoja mkubwa vilimani, upande wa kwenda Mikumi. Serikali ya kijiji ikasaini, mhuri ukagongwa. Tukachimba shimo la kupasulia magogo karibu na mti, tukapiga kambi.

Hapa nisimame kidogo niwaambie kuhusu baba.

Baba hakuwahi kutamka jina la mama yake. Alipokuwa na miaka minne hivi, wakati wa njaa, mama yake alibeba chumvi akapanda milimani kubadilishana na mahindi. Hakurudi. Kambini wakasema kamkimbia mume, kaenda zake kwao. Baba akakua na hilo neno. Alichokumbuka ni mfuko wa katani wa ile chumvi tu, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Alinisimulia mara moja, akiwa na homa, na alipopona hakutaka nimkumbushe.

Tuendelee.

Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mpasua mbao yeyote anajua hilo, hatukushtuka. Ila ule ulitoka siku tatu. Kila asubuhi kisiki kimelowa upya. Shabani, mwenzetu ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, aliacha utani siku ya pili.

Siku ile ile tuliyouangusha alikuja bibi mmoja. Nimwite Bibi Damari. Mama wa kanisa hasa, Jumapili anakaa benchi la mbele. Tukamwamkia.

"Marahaba," akaitikia. "Mlimuuliza nani?"

"Ofisi ya kijiji, bibi. Mwenyekiti kasaini."

"Mwenyekiti ana ofisi. Mti huu ni wa ukoo wa mama zetu. Kwetu wanaulizwa wanawake."

Akakitazama kisiki, akaondoka. Heri angetutukana.

Wakuu, sisi watoto wa kambini ndivyo tulivyolelewa. Kila kitu ni ofisi na mhuri. Kuuliza wanawake wa ukoo hakukutupitia kichwani kabisa.

Wiki iliyofuata akafika dada mmoja mtafiti, Neema, aliyekuwa amefikia Mikumi. Anasoma mvua za zamani kwenye miti. Tukacheka. Akaomba tumkatie kipande cha duara kutoka kwenye shina, akakipiga msasa kutwa nzima mpaka kikawa laini kama meza ya mgeni.

Akatuonyesha. Pete moja ni mwaka mmoja. Pete nene, mvua ilikuwa nzuri. Pete nyembamba, ukame.

Halafu akachukua lenzi. Kwenye pete kadhaa nyembamba kulikuwa na kovu dogo jeusi, la shoka. Mti ulikuwa umeyafunika yote, kwa nje usingeona kitu.

Neema akauliza nani kijijini anakumbuka miaka ya ukame. Wakamtaja Bibi Damari.

Alikuja mchana, akakubali kusema, kwa sharti moja: hatakitazama kile kipande. Akaketi akikipa mgongo.

Akaeleza kwamba kila mwaka wa njaa wanawake wa ukoo walichanja mti ule mara moja. Utomvu wakapaka mbegu, na wakati unatoka wakataja majina ya waliokufa. Kisha akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mwaka mto ulipokauka ana mimba ya mwanawe Yohana. Miaka saba nyuma yake, walipokula mizizi. Miaka mitano tena, alipokufa dada yake.

Neema anahesabu pete kwa sindano. Saba, kovu lipo. Tano, kovu lipo.

Bibi hakugeuka hata mara moja.

Alipomaliza, Neema akasema, "Bibi, kuna kovu moja hujalitaja. Na liko kwenye pete nene. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi. Labda ni mnyama alikwangua?"



"Hilo si la njaa," akasema Bibi Damari. "Hilo ni la mtu. Mvua ilikuwa imesharudi, mahindi yamesimama shambani, ila bado machanga. Akatokea mwanamke kutoka huko chini kwenye mkonge, hajiwezi hata kusema. Akafia hapa, mahindi anayaona. Tukamzika upande wa jua linapochomoza, tukachanja mti. Jina hatukuwa nalo, tukachanja kimya."

Nikamuuliza alikuwa na nini mkononi.

"Mfuko wa katani wenye chumvi. Umeshonwa kwa uzi mwekundu. Tulimzika nao."

Wakuu, upande wa jua linapochomoza ndipo nilipokuwa nakaa kula ugali. Wiki mbili nzima.

Nilishuka Kilosa siku ile ile. Baba alinisikiliza akiwa anachonga mpini. Asubuhi nikamkuta ameshavaa kanzu, ananisubiri mlangoni.

Kisiki kilikuwa kimeshakauka. Bibi Damari akachukua kishoka, akamwambia baba, "Nikichanja, wewe taja."

Akachanja pembeni kidogo.

Kikatoa utomvu. Mwekundu, taratibu, na mbele ya macho yetu wote.

Baba akasema, "Siwema." Halafu akasema, "Mama." Alikuwa anakaribia miaka hamsini, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akilitamka neno lile kwa mama yake mwenyewe. Akalia kwa sauti, na sisi tukalia.

Shimo tulilifukia. Mbao sikuzigusa tena, nilirudi Magomeni nikafungua genge la mboga.

Mtu akisema uzi mwekundu ulikuwa mwingi kambini, sibishani naye. Huenda. Lakini baba aliishi akiamini ameachwa, na akafa akijua mama yake alikuwa njiani kumtafutia chakula. Mimi nilichojifunza ni kwamba mhuri wa ofisi haumalizi maswali yote. Tafuta mwenye kitu, umuulize, kabla hujanyanyua shoka.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Ila naomba jambo moja. Kama kwenu kuna mtu mliambiwa alikimbia mwaka wa njaa, msinisimulie habari zake. Andikeni tu jina lake hapa chini.