Mama wa Kasenga na Kituo cha Kushukia

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa filimbi na koti la kijani lililonizidi mabega, nikasimamishwa kwenye terminus ya soko la mtaa wetu wa Kenya, pale basi zinapomalizia safari na kugeuza. Cheo changu kilikuwa régulateur. Régulateur hupanga basi ipi itangulie kutoka, na humwelekeza abiria ashuke wapi. Watu walidhani tunapuliza filimbi na kula mshahara. Waache wadhani.

Chef de ligne, mkubwa wa njia yetu yote, hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile aliniambia jambo moja tu.

“Usiulize muntu anashuka wapi. Umuulize anaenda kufanya nini.”

Nilikuja kuona maana yake. Mgeni wa soko hutaka kushuka mlangoni kabisa, kwenye msukumano ambako mifuko huchanwa kwa wembe. Nilimshusha kituo kimoja nyuma, atembee kidogo. Mwenye magunia nilimpitisha hadi upande wa pili, wanakosubiri wasukuma mikokoteni. Kituo kilicho karibu mara nyingi ndicho kibaya. Mambo haya hayakuandikwa popote, uliyajua kwa kusimama juani.

Baadaye nilihamishiwa parking ya katikati ya mji, yanakofikia magari ya samaki kutoka Kasenga. Huko mkubwa wangu alikuwa inspecteur, mtu mkali, aliyechukia mfanyakazi kuacha nafasi yake hata kwa kwenda kunywa maji.

Siku moja ya mvua simu yangu ililia. Alikuwa kijana wa Naviundu niliyemfahamu kwa kupanda basi zetu. Mke wake alikuwa amekufa maternité, hospitali ya wazazi, baada ya kujifungua; mtoto alikuwa mzima, ameshaletwa nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Kasenga, na alichoambiwa ni kwamba binti amezaa na ni mgonjwa kidogo. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu, wala na mpita njia. Mjomba ndiye huisema, nyumbani, mtu akiwa ameketi. Kijana aliniomba nisimwache mama aende maternité akaelezwe na wageni kwenye korido. Nimpeleke nyumbani Naviundu, kwenye barabara ya Kasenga.

Nilimweleza inspecteur. Alivua kofia.

“Enda naye. Lakini kinywa yako ifunge.”

Mama alishuka na kikapu cha samaki wakavu, wa kumpikia mzazi supu ipate kuleta maziwa. Aliuliza basi ya maternité. Nilimwambia familia inamngoja nyumbani kwanza, nikambebea kikapu, tukapanda. Moyo wangu ulikuwa mzito, na samaki wale walinukia vizuri, jambo lililonichoma zaidi.

Basi ilipoingia barabara ya Kasenga, mama aliangalia dirishani kwa muda mrefu.

“Papa, hii njia minatoka kuipita sasa hivi. Kama ni ku nyumba, mutoto yangu haiko tena ku hôpital.”

Nilikivuta kikapu karibu na miguu yangu. Kusema nilikatazwa na inspecteur, na desturi nayo ilinikataza. Alifungua kilemba chake polepole, akakishika mapajani.

“Na kale kadogo?”

Hilo hakuna aliyenikataza.

“Kako muzima, Mama. Kako ku nyumba.”

Tulikuwa hatujafika kwenye daraja, mahali nilipopanga kumshusha. Aliniambia nisimamishe basi palepale.

“Minashukia hapa. Nilie kwanza, nimalize. Sitaki kukabeba na machozi.”

Dereva alisimama. Hapakuwa na kibao wala kibanda, nyasi tu na mtaro wa maji machafu. Mama aliketi ukingoni akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na mimi nikasimama pembeni na kikapu, mvua ikitunyeshea. Alipomaliza alijipangusa kwa kitenge, akafunga tena kilemba, akanipokonya kikapu na kutangulia.

Sasa nimestaafu, nakaa Annexe, pembezoni mwa mji, nalima mihogo. Basi zile zimeozea ndani ya uzio wa kampuni, na kazi ya régulateur imekwisha. Wajukuu wakienda mjini huniuliza washukie wapi, nami huwajibu vizuri, maana vituo vyote navijua. Lakini miaka yote ile nilichagulia watu mahali pa kushuka, na kituo kilichofaa kuliko vyote sikukichagua mimi. Nikipita pale kwenye mtaro, hugeuza uso upande mwingine, kama vile mama yule bado ameketi pale akilia.