Siku Kumi na Nne Bila Ugali

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbung'o. Tulitega mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi kandokando ya vichaka vya Lambwe, na asubuhi nilipita na pikipiki nikahesabu walionaswa na kuwaandika. Mbung'o anaishi kichakani. Ukifyeka kichaka, anakufa. Hiyo ndiyo sayansi niliyoongezewa baada ya kidato cha nne, na ilinitosha hadi nikastaafu. Niseme pia kwamba mvua ikizidi, udongo wa Lambwe hushika magurudumu, na siku hizo niliandika mbung'o nikiwa nyumbani kwenye kiti. Saba. Kumi na mmoja. Hakuna aliyeniuliza.

Mke wangu alipata saratani ya titi. Alikatwa titi, akapewa dawa, tukadhani amepona. Baada ya miaka miwili akaanza kuumwa na kichwa na kusinzia mchana akiwa ameshika kikombe. Nikamwambia ni malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Nani angebishana nami? Nilimpeleka kupimwa malale mara tatu, na mara tatu hakuwa nayo. Miezi ilipita hivyo. Ilipofika siku ya kupigwa picha ya kichwa, tuliambiwa saratani ilihama kutoka kifuani zamani na sasa inakaa kwenye ubongo. Miezi ile niliipoteza mimi.

Alifanyiwa upasuaji, lakini uvimbe wote haukutoka. Kipande kilichotolewa kiliombwa na mtafiti, mwanamke kijana mzaliwa wa Migori. Mke wangu alikuwa tayari kutia sahihi. Mimi nilipinga. Kwetu mtu huzikwa na viungo vyake vyote, nikamweleza mtafiti.

"Titi liko wapi?" mke wangu aliniuliza.

Nikaanza kusema kwamba hilo lilibaki hospitali.

"Basi nyamaza, mzee. Daktari, leta kalamu."

Mtafiti alisema bado hajawa daktari. Mke wangu aliendelea kumwita daktari. Mtafiti alitueleza kazi yake bila haraka. Ubongo, alisema, una chakula chake. Mafuta yaliyo kwenye damu hayaingii huko ovyo. Seli za saratani ya titi zikifika kichwani hukuta chakula zilichozoea hakipo kama zamani, na zile zinazosalia ni zile zilizojifunza kula kwa njia nyingine. Yeye na wenzake walitaka kujua zinakula nini huko na zinakitengenezaje, ili siku moja ipatikane dawa ya kuziba njia hiyo. Kwa hiyo walihitaji kile kipande, na damu ya mke wangu kabla hajaanza dawa mpya, na daftari la kila alichokula wiki mbili kabla ya damu kutolewa.

"Ale kama kawaida, baba," aliniambia mke wangu alipokuwa ametangulia nje. "Usibadilishe kitu. Wewe andika tu."

Nikaitikia. Nilikuwa na uzoefu wa madaftari.

Njiani kurudi nyumbani neno moja tu ndilo lililobaki kichwani mwangu: zinakula. Kama zinakula, nikawaza, zinyimwe, kama mbung'o anavyofyekewa kichaka. Tulipofika nilimwambia mke wangu kwamba daktari amekataza sukari na ugali.

"Ugali pia?"

"Ugali hasa."

"Na samaki nitamla na nini?"

"Na kabichi."

"Hiyo si kula, mzee. Huko ni kuonja."

Lakini alitii, kwa sababu neno lilikuwa la daktari. Lingekuwa langu asingetii hata siku moja, na hilo nililijua. Dada yake alipanda kutoka Sori, ziwani, na samaki wabichi, ngege, akasonga ugali, akaupakua moto. Mke wangu aliusukuma upande wa pili wa meza. "Daktari wangu amenikataza," alisema, kama mtu anayejivunia kuwa na daktari wake. Mimi na shemeji tuliula. Ulikuwa mzuri.

Kwenye daftari, mke wangu alikula vizuri sana. Sikutaka mtafiti ajue kwamba nimekaidi, kwa hiyo niliandika alichokuwa akila zamani: ugali, ngege, chai ya vijiko vitatu. Siku moja nilimwandikia nyama.

Siku ya kumi na tano tulikwenda kliniki Homa Bay. Mtafiti alitoa damu, akaitia kwenye sanduku lake la barafu. Dripu ya dawa mpya ilikuwa imeshatundikwa inasubiri.

"Daktari," mke wangu alisema, "samahani. Ugali utanirudishia lini?"

"Ugali gani, mama?"

"Huu ulionikataza."

Mtafiti aliniangalia. Kisha akafungua daftari, akasoma kwa sauti. "Jumanne. Ugali, ngege, chai."

"Jumanne nilikula kabichi."

"Jumatano. Ugali, nyama."

"Nyama!" Mke wangu alinigeukia. "Mzee, nyama hiyo ulimpa nani?"

Nikakiri. Niliwaeleza yote, pamoja na habari ya kufyeka kichaka, ambayo sasa ilisikika vibaya. Mtafiti hakunikaripia. Alisema kinachokaa kichwani hakingojei sukari ya chai. Kikikosa kitu kimoja kinatafuta kingine, na mafuta kinaweza kujitengenezea. Kwa kadiri wanavyojua, kumnyima ugali hakukinyimi chochote. Akamwomba mke wangu apande mizani. Alikuwa amepungua kilo nne.

"Aliyenyimwa ni mama," mtafiti alisema.

Akapiga mstari juu ya kurasa zangu zote, moja baada ya nyingine. Nilimwomba turudie siku kumi na nne. Akasema dawa haiwezi kusubiri, na dawa ikishaingia, damu haitakuwa ile tena. Muuguzi akafungua dripu.

Siku mbili mke wangu alitapika. Siku ya tatu akaomba ugali. Niliusonga mwenyewe, nikachemsha ngege, nikatia vijiko vinne kwenye chai bila kuambiwa. Alikata tonge, akatafuna, akatafuna tena, akaliweka kando ya sahani.

"Umeutia nini?"

"Unga na maji."

Nikauonja. Haukuwa na kasoro. Akajaribu chai, akaniuliza kama nimesahau sukari. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba dawa ile huondoa ladha, lakini hakusema ingekuwa haraka hivyo. Ladha hiyo haikurudi tena maisha yake yote.

Mchana huo nilimwomba msamaha. Aliuviringisha ugali kwa vidole vyake bila kuula.

"Kabichi yako," alisema, "niliionja yote."